Mlango wa Nyuma wa Banda la Watoto

Mwaka nilioanza kazi ulikuwa mwaka wa michembe. Asiyeijua michembe ajue ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama kucha. Mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele, yakaungua yakiwa yamesimama, na mtama ndege wakaumaliza. Pamba peke yake ndiyo ilistahimili. Mashamba yakawa meupe mpaka macho yanauma, na tumboni hamna kitu, maana pamba hailiwi. Tulikula michembe asubuhi kwa chai ya rangi, mchana kwa karanga za kuponda kwa mwenye karanga, jioni kwa maji. Hata pumzi za watoto zilinukia utamu. Mpaka leo nikiisikia harufu ile sokoni hapa Bariadi, miguu inageuka yenyewe kuelekea kinuni.

Kinu ninachosema ni kile cha kuchambua pamba, kinachotenga nyuzi na mbegu. Nimefanya kazi pale tangu mwaka huo wa michembe mpaka msimu uliopita, na kazi yangu haikugusa pamba. Nilikuwa mlezi kwenye banda la watoto, wale ambao mama zao wanachagua uchafu kwenye pamba na kufagia ghala. Nilianza mlezi, nikamaliza mlezi, kwa hiyo habari za vyeo hamtazipata hapa. Mshahara nao sitauandika. Neema, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu pale bandani, ameniletea daftari kubwa lenye jalada gumu akasema, "Bibi, tuandikie ulivyokuwa unafanya." Mimi nimeishia darasa la nne. Ninyi mna vyeti vya malezi, vimepigwa muhuri. Mimi nina magoti mabovu na habari moja ya mlango. Ndiyo ninayoandika.

Siku ya kwanza nilifika umande haujakauka. Banda lilikuwa ghala la zamani la magunia, bati juu, sakafu ya saruji iliyopasuka, na milango miwili. Mlango wa mbele unatazama lango la kinu, ambako akina mama wanaingilia. Mlango wa nyuma unatokea kwenye uchochoro wa ghala la mashudu, halafu lundo la pamba mbichi inayongoja kuchambuliwa. Ndani alikuwemo Bi Zainabu, mjane wa mwenye duka la mjini, Mzaramo wa asili, kilemba chake cheupe kuliko pamba yenyewe. Nilipiga magoti kumwamkia kama tulivyozoea sisi Wasukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Marahaba, mtani wangu. Inuka, sakafu hii ina viroboto. Umewahi kulea?"

"Nina mmoja, yuko kwa mama yangu kule Zagayu."

"Mmoja huyo unamlea wewe au anamlea mama yako?"

Nililiona swali la utani wa Kizaramo nikalipita. Swali lile lilinisubiri karibu miaka thelathini, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati.

Kwanza mjue mchana ulivyokuwa pale ndani, kwa sababu ninyi mmekuta feni na vigae. Kinu kilipowashwa, sakafu ilitetemeka kidogo, na sauti yake ilikuwa kama ng'ombe mkubwa mno, amelala nyuma ya ukuta, anacheua. Nyuzi nyepesi za pamba zilipenya kwenye matundu ya bati zikashuka polepole kwenye mionzi ya jua. Hazikuwa na haraka. Zilitua kwenye kope za watoto, kwenye uji, kwenye kilemba cha Bi Zainabu ambako hazikuonekana. Ikifika saa saba watoto wote wamelala kwenye majamvi, weupe vichwani kama wazee wadogo. Nami nilikaa katikati yao nikasinzia macho wazi, sijui kama niko kazini au niko ndani ya ndoto ya mmoja wao.

Vifaa vyetu vilikuwa sufuria la uji, vikombe vya plastiki, ndoo mbili, na vipande vya kanga. Hili la kanga alinifundisha Bi Zainabu. Kila mama alete kipande cha kanga aliyoivaa. Mtoto akilala anakishika au anakinusa.

"Na usikifue," aliniambia.

"Kinanuka jasho, Bi Zainabu."

"Ndilo analolitaka. Ukifua umemfukuza mama yake mara ya pili."

Sasa nije kwenye mlango. Asubuhi watoto walilia. Si kulia kwa kitoto, ni kulia kama mtu anachinjwa. Wanang'ang'ania sketi, wanauma mkono, na huko nje msimamizi wa zamu anapiga chuma kuita wachaguzi. Bi Zainabu alikuwa na utaratibu wake wa polepole. Mama achuchumae, amwambie mtoto ninakwenda, ndipo aondoke mtoto akimwona. Mtoto analia, Bi Zainabu anampakata. Foleni yake ilikuwa ndefu na yenye makelele.

Mimi nikagundua mlango wa nyuma. Nilimpokea mtoto, nikamwonyesha nyuzi zinazoelea, nikapuliza moja ikapaa, mtoto akaifuata kwa macho, na mama akavua viatu, akavishika mkononi, akanyata kwa vidole mpaka uchochoroni. Mtoto akigeuka, mama hayupo. Akiuliza, nilimjibu, "Usilie. Mama yuko chooni, anakuja." Kazi imekwisha. Akina mama wakahamia kwenye foleni yangu wote. Walinisifu mbele ya watu, "Mama Kabula ana mkono mwepesi." Nami nikavimba kichwa. Nilikuwa fundi wa kutorosha mama za watu.

Bi Zainabu aliniangalia siku kadhaa, akaniambia mara moja tu, "Mtani, wanakuona. Wewe unadhani wanaangalia pamba."

Sikuelewa, na kuna mambo niliyaona nikayacheka badala ya kuyaelewa. Siku moja nilishikwa na haja kwelikweli, nikasema, "Nakwenda chooni, narudi." Watoto kumi na mmoja walinirukia. Walishika gauni, miguu, mmoja alinishika kitambaa cha kichwa. Wote walikuwa wanajua kwamba anayekwenda chooni harudi. Nilikwenda nikiwaburuta, tukafika pale mlangoni pa choo kama ng'ombe na kupe wake. Kinu kizima kilinicheka, nami nikacheka. Sikujiuliza ni nani aliyewafundisha.

Kisha kulikuwa na Minza. Miaka yake ilikuwa mitatu, mama yake mchaguzi kutoka Bukundi, msichana bado, mpole. Minza hakulala. Watoto wakilala saa saba, yeye alisimama ameshika mwimo wa mlango wa mbele, macho yanafumba, kichwa kinaanguka, anashtuka, anayafumbua. Alilala wima kama punda. Nilimlaza kwa nguvu, akainuka. Nikamwambia mama yake, "Mwanao ana wazimu wa usingizi." Nasikia aibu kuliandika hilo. Mtoto alikuwa ameona kwamba mama hupotea ukiangalia pembeni, akahesabu mwenyewe, kwa akili yake ya miaka mitatu, kwamba ukifumba macho kabisa atapotea zaidi.

Mwanasesere wake alikuwa gunzi la muhindi lililofungwa kitambaa. Mchana mmoja wenzake wamelala, nilikuwa nimekaa katika ile hali yangu ya kusinzia macho wazi, nyuzi zinashuka, ng'ombe wetu anacheua nyuma ya ukuta. Nikamwona Minza analaza gunzi kwenye jamvi. Akalipigapiga mgongo. Akalifunika vizuri, akalionyesha unyuzi wa pamba uliokuwa unaelea, akaupuliza. Kisha akavua kandambili zake, akazishika mkononi, akatembea kwa vidole, akiangalia nyuma, mpaka mlango wa nyuma. Akatoka.

Niliona uzuri tu. Nilitabasamu, naapa. Nilijiambia huyu mtoto anaigiza vizuri, atarudi. Na nyuzi ziliendelea kushuka, na mimi nikashuka nazo.

Niliposhtuka gunzi lilikuwa peke yake kwenye jamvi. Nikatoka uchochoroni, ghala la mashudu, hamna mtu. Nikaita. Nani atakusikia kinu kikinguruma? Nikafika kwenye lundo la pamba. Ninyi mnalijua lile lundo, refu kama nyumba, laini kama maziwa yaliyoganda, na upande wa pili linaingia bomba la kufyonza ambalo wanaume wanaliongoza, linameza pamba kama mtu aliyefunga siku nyingi. Chini ya lundo, upande wangu, nikaona kandambili mbili ndogo, zimepangwa pamoja, ncha zake zinatazama nje. Vile mgeni mwenye adabu anavyoacha viatu mlangoni.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka nilimshika mwendesha mashine shingoni. Alidhani nimepandwa na mashetani. Akavuta mkono wa swichi.

Kinu kikanyamaza mchana kweupe. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Watu wote walisimama na mikono yao hewani. Vumbi la pamba, ambalo siku zote husukumwa huku na huku, likaanza kushuka moja kwa moja juu yetu, likatufunika mabega, na hakuna aliyelipangusa. Tulichimba kwa mikono. Ndani ya pamba kuna joto, kama kwapani kwa mtu. Nikashika mguu, nikavuta, akatoka Minza mzima, jasho limemlowesha, amelala usingizi mnono kuliko wote aliowahi kulala kwangu. Kutoka alipokuwa mpaka mdomo wa bomba hapakufika hatua tatu zangu.

Akafumbua macho. Akatuona watu wote tumemzunguka, mama yake amekaa chini analia. Akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya kubembeleza, sauti yangu mimi, na maneno yangu yale yale ya kila asubuhi:

"Usilie. Nilikuwa chooni."

Bi Zainabu hakuniambia nilikuonya. Hiyo nayo ni adabu ya kazi, muishike. Alitoka na kanga yake, akaenda mpaka dukani kwa mwanawe, akarudi na misumari ya inchi nne kwenye karatasi ya gazeti. Akanikabidhi na nyundo. Niliupigilia mlango wa nyuma mimi mwenyewe, misumari tisa, mitatu imepinda. Ndiyo ile mnayoiona. Nimesikia mnataka kuing'oa, eti hewa ipite. Hewa ina madirisha manne.

Asubuhi iliyofuata nikasimama mlango wa mbele. Mama wa kwanza akaninyooshea mtoto huku ameshavua viatu. Nikaweka mikono nyuma.

"Simpokei mtoto ambaye hajaagwa."

"Mama Kabula, vipi tena? Atalia huyu!"

"Na alie."

Foleni ikajaa mpaka langoni. Watoto wakalia, mama nao wakalia, mmoja akanitukana kwa Kisukuma tusi ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa nachunga ng'ombe. Msimamizi wa zamu akaja na kile chuma chake mkononi.

"Mama Kabula! Kinu hakiwezi kungojea machozi ya watoto."

"Jana kilingoja, bwana mkubwa."

"Unanijibu? Wapokee watoto, watu wakafanye kazi."

"Simpokei mtoto ambaye hajaagwa."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Halafu uje uwapokee wewe, na wale uji wako."

Akina mama wakacheka, naye akashindwa kujizuia, akacheka kidogo na pua. Hakunifukuza. Alisogeza mbele muda wa kupiga chuma, mama wakapata nafasi ya kuchuchumaa.

Kuaga nako kuna ufundi wake, na huo niliupata kwa Bi Zainabu. Chuchumaa, macho yenu yawe sawa. Usimwambie mtoto "nitarudi sasa hivi," kwa sababu si kweli, na usimwambie saa kumi, kwa sababu hajui saa. Mwambie jambo analoweza kulisikia au kuliona. Sisi tulisema, "Nitarudi kinu kikinyamaza." Kisha uondoke, usirudi nyuma kumbusu mara ya nne. Na kinu kikinyamaza, uwe mlangoni kweli. Kwa karibu mwezi kulikuwa na kilio cha kubomoa bati. Halafu ikawa hivi: jioni, ile sauti ikianza kupungua, watoto wanaacha walichoshika. Wanainua vichwa wote pamoja, kama swala waliosikia kitu. Kimya kinaingia, nyuzi zinashuka, na ndani ya kimya kile nyayo za mama zao zinakuja. Nimeiona jioni hiyo miaka na miaka. Ukiniuliza peponi kukoje nitakwambia ni hapo.

Minza alianza kulala. Alilala mchana kutwa siku tatu mfululizo kana kwamba analipizia.

Mpaka hapa ningeweza kufunga daftari mkanisifu. Lakini niliposimama pale mlangoni nikiwakatalia mama za watu, mwanangu Kabula alikuwa na miaka minne na yuko Zagayu kwa mama yangu. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, narudi Jumapili mchana. Na niliondokaje? Nilingoja alale baada ya chakula. Mama yangu alinionyesha kwa kidevu, "Kalala, nenda." Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikanyata mpaka kwenye ua wa minyaa, nikavivalia pale.

Mtaniuliza, hata baada ya Minza? Hata baada ya Minza. Miaka mitatu zaidi. Kilio cha watoto wa wenzangu nilikiweza. Cha wangu nilikiogopa. Na mama yangu alinipa sababu nzuri: "Huyu halii. Akiamka anaangalia pale ulipokuwa umekaa, anaomba maji, basi." Nami nikajisifu kinuni kwamba mwanangu ana moyo wa kiume. Wanangu, mtoto anayelia mnapoachana bado anakudai. Asiyelia muogopeni.

Kabula akakua mzuri, mchapakazi, na mtu wa kuondoka. Alikaa kwa mjomba wake Mwanza, siku moja wakakuta kitanda kimetandikwa na yeye hayupo. Alifanya kazi kwenye hoteli Maswa, akaondoka aproni ikiwa imening'inia kwenye msumari. Baba wa mtoto wake alirudi nyumbani akakuta mboga inachemka jikoni na nyumba tupu. Hata simu, mnaongea vizuri, ghafla mnaongea na hewa. Ndugu walisema amerogwa, wengine wakataka apelekwe kwa mtaalamu kule Meatu. Mimi nilijua amejifunzia wapi, maana mwalimu alikuwa ananawa uso kwenye beseni langu kila asubuhi.

Mwaka huu, wiki chache baada ya kuniaga pale kinuni kwa soda na kitenge, Kabula akaja na mwanawe Limi, miaka minne. Amepata kazi ya kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mkoa mwingine, mpaka msimu wa pamba uishe. Akaniomba nikae na mtoto. Mjukuu wangu huyo, niseme tu, hajazaliwa mzuri kama yeye toka hapa mpaka Nassa, na ana akili za kuzidi umri, mtaona. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Siku ya safari tulikula ugali na dagaa, Limi akalala kwenye jamvi sebuleni. Mchana ulikuwa mzito. Kutoka kwangu kinu kinasikika kwa mbali, na nilikuwa kwenye kiti changu nusu nimesinzia, nusu niko bandani na watoto wangu weupe vichwani. Ndani ya usingizi ule nikamwona mwanamke amebeba begi, ameshika viatu mkononi, anatembea kwa vidole kuelekea mlango wa nyuma. Nikadhani naota siku za zamani. Kisha mbao ya mlango wangu ikalia, nami najua inavyolia.

"Kabula."

Akasimama. "Mama, usiniangalie hivyo."

"Vaa viatu, uje umuage mwanao."

"Atalia. Na gari linaondoka saa kumi. Likiniacha na kazi imeniacha, kuna watu wanaisubiri." Alikuwa ananong'ona. "Wewe si umekubali kukaa naye?"

"Simpokei mtoto ambaye hajaagwa."

Akacheka, cheko baya. "Hayo kawaambie wa kinuni. Mimi uliniaga lini? Hebu nitajie Jumapili moja."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa silali, mama."

Akaviangalia viatu vilivyokuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa nafumba macho ili uondoke, usichelewe. Bibi alisema ukichelewa watakufukuza. Nilikuwa nakusikia unavaa viatu pale kwenye minyaa. Cha kulia kilikuwa kinakusumbua, ulikuwa unapiga kisigino chini mara mbili ndipo kinaingia. Nikisikia mapigo hayo mawili, ndipo nafumbua."

Viatu hivyo nilivinunua mitumba, cha kulia kilikuwa kidogo. Hakuna mtu duniani aliyejua habari ya kisigino kile isipokuwa mimi. Nilidhani hivyo.

Magoti yangu nimeshawaambia ni mabovu. Nilishika kiti, nikashuka, nikachuchumaa mbele ya mwanangu, mtu mzima mwenye begi mgongoni. Kwetu mzazi hachuchumai mbele ya mtoto wake, lakini nimefanya kazi bandani, nayajua macho yanatakiwa kuwa wapi. Nikamwangalia kwa chini.

"Kabula, ng'wanone, mwanangu, mama anaondoka. Nakwenda kinuni. Utaniona Jumamosi, ng'ombe wakirudi. Lia kama unataka."

Viatu vilimwanguka mkononi, kimoja halafu cha pili. Akakaa sakafuni na begi lake, akalia kilio cha miaka minne, mdomo wazi, kamasi, kila kitu. Nami sikumwambia nyamaza. Nilimpakata kama Bi Zainabu alivyokuwa akipakata, na hakuna aliyeuliza saa.

Ndipo akageuka kumwamsha Limi. Akainama, akasita. Kope za mtoto zilikuwa zinachezacheza. Alilala vizuri mno, mikono imenyooka, midomo imebanwa. Mimi nilijua nikamwachia, ilikuwa haki yake Kabula kuona.

"Mama," akaninong'oneza, uso umembadilika, "huyu hajalala."

"Hajalala."

"Limi," akaita. "Limi wangu, fumbua. Mama yupo."

Limi akafumbua jicho moja kwanza.

Kabula akamwambia yote, kwa macho yaliyo sawa. Ninakwenda kupika mbali. Unasikia ile sauti? Hicho ni kinu. Siku kikinyamaza na asubuhi yake kisiwashwe, mimi niko njiani. Limi alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akalia, na alilia hadi majirani wakatokea mlangoni. Alimng'ang'ania mama yake shingoni tukamtoa kidole kimoja kimoja. Kabula alivaa viatu ndani ya nyumba, akatoka kwa mlango wa mbele, akageuka, akapunga mkono. Gari la saa kumi lilimwacha. Alipata lori la mashudu lililokuwa linakwenda upande ule, na kazi aliikuta.

Sasa tunangoja. Kinu kinanguruma huko, mimi na Limi tunakisikiliza. Umeme ukikatika anakimbilia mlangoni, namwambia bado, ni umeme tu, anarudi. Mchana tunalala wote kwenye jamvi, na sitaficha, anashika kipande cha kanga ya mama yake ambacho hakijafuliwa. Jioni Kabula anapiga simu. Akimaliza anasema kwaheri, kisha anasema tena kwaheri, kama mtu aliyejifunza neno ukubwani na anaogopa kulikosea.

Jana nilikuwa nimejiegesha dirishani na daftari hili, natafuta namna ya kulimaliza. Uani Limi alikuwa ametandika gunia lake kivulini na kulaza magunzi sita, watoto wake, amewafunika. Salma, mtoto wa jirani yetu mwenye duka, akaja mbio na gunzi lake limefungwa kitambaa chekundu, akalitupa pale kwenye gunia.

"Nishikie, nakuja!" akasema, na mguu mmoja umeshageuka.

Limi hakulipokea. Aliweka mikono nyuma, akanyoosha mgongo, akainua kidevu kwa namna ambayo sikujua kuwa ndiyo yangu mpaka nilipoiona kwake. Akamwambia Salma:

"Simpokei mtoto ambaye hajaagwa."